Si kweli kwamba sindano ya usingizi "huisha nguvu" katikati ya upasuaji

"Daktari, je, ile sindano ikiisha nguvu kabla hawajamaliza?" Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mama aliyekuwa ameahirisha upasuaji wa mawe ya nyongo kwa hofu hiyo tu, kisa shemeji yake alimweleza habari za mtu aliyezinduka tumbo likiwa wazi. Alikuwa amevumilia maumivu bure. Kwa hiyo naandika.

Hakuna sindano moja inayokulaza mpaka mwisho. Ile ya mwanzo, mara nyingi propofoli, hukulaza kwa dakika chache tu, na sisi tunalijua hilo. Kabla haijapungua tumeshafungua mvuke wa usingizi kwenye mashine unayopumulia, au tumeunganisha pampu inayosukuma dawa mshipani bila kukoma. Upasuaji uchukue nusu saa au saa nane, dawa inaendelea kuingia hadi tutakapoifunga wenyewe. Kiwango cha mvuke kinapimwa kila unapotoa pumzi. Na daktari wa usingizi hakuchomi sindano akaenda zake. Anakaa kichwani pako mwanzo hadi mwisho.

Wengi wanaoniambia "mimi niliamka wakati wa upasuaji" walichomwa ganzi ya mgongo. Hao hawakulazwa kabisa. Kusikia sauti na kuhisi kuvutwavutwa ni kawaida kwa ganzi hiyo, na wangeelezwa mapema wasingetishika.

Lakini kuzinduka kwa kweli kupo, na hapa ndipo watu wanaponikera, maana wanaogopa saa badala ya kuogopa kinachostahili. Kulala na kutosogea ni kazi za dawa mbili tofauti. Dawa za kulegeza misuli zimetokana na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, iliyoanza kutumika katika upasuaji huko Montreal mwaka 1942. Wapo madaktari waliodhani nayo inalaza. Scott Smith, daktari wa Marekani, akakubali achomwe yeye mwenyewe bila dawa nyingine yoyote, na majibu yakachapishwa mwaka 1947. Hakuweza kupumua wala kufumbua jicho, wenzake wakawa wanampumulia. Alipopata nguvu tena alisimulia yote yaliyosemwa na kufanywa. Fahamu zake hazikupungua hata chembe.

Sasa fikiria chumba cha upasuaji. Mgonjwa ambaye hakulegezwa misuli, usingizi ukipungua, atakunja mkono au atakohoa, nasi tutaongeza dawa pale pale. Aliyelegezwa hana namna ya kutuambia. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014, uliohesabu wagonjwa waliojitokeza kusimulia kwamba walizinduka, ulipata 1 kati ya 19,000 hivi kwa jumla. Ukiwatenganisha, waliopewa dawa ya kulegeza ni 1 kati ya 8,000. Ambao hawakupewa, 1 kati ya 136,000. Tofauti ni hiyo dawa, wala si urefu wa upasuaji. Tafiti zinazowafuata wagonjwa kitandani na kuwauliza zaidi ya mara moja hupata wengi zaidi, 1 au 2 kati ya 1,000, na mimi hizo naziheshimu zaidi, kwa kuwa wengi hawasemi wasipoulizwa.

Mengi hutokea wakati wa kulaza au wa kuamsha: propofoli inapungua, mvuke bado haujatosha, na mpira wa kupumulia unagoma kupita kooni. Kinachoninyima raha mimi zaidi ni kanula, ule mrija mdogo unaochomekwa mshipani kupitishia dawa. Imechomoka, mkono umefunikwa shuka, pampu inaonyesha namba nzuri kabisa, na dawa inalowesha godoro. Ndiyo maana nagombana na wapasuaji kuhusu shuka. Mkono wenye kanula nautaka mahali ninapouona na kuugusa.

"Si mngeona presha imepanda?" Hapana, si lazima. Namba za mashine ya kusoma ubongo nazo, ile inayobandikwa kwenye paji la uso, husaidia hasa tunapotumia pampu, lakini utafiti wa mwaka 2011 haukuona inaishinda kengele ya kawaida inayolia mvuke unapopungua. Hakuna kifaa kinachopima fahamu zenyewe.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hayo. Unaweza kufunga mkanda wa presha mkononi na kuujaza kabla ya kuchoma dawa ya kulegeza, ili dawa isifike kiganjani na mkono huo ubaki unaweza kusogea. Kisha mgonjwa amelala, mpira uko kooni, unamwambia sikioni: "Nibane mkono." Katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa 12 kati ya 260 walibana. Watano wakabana tena kuonyesha wanaumia. Mapigo na presha havikuwatofautisha na wenzao. Baada ya upasuaji, hakuna aliyeulizwa aliyekumbuka chochote.

Walikuwa macho? Wapo wenzangu wanaosema lisilokumbukwa halimdhuru mtu. Siliafiki. Anayejibu swali anaumia, yupo pale, hata kama kesho hatakumbuka, na naona tumeridhika mapema mno na usahaulifu wake.

Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari wa usingizi kama wewe au ndugu yako aliwahi kuzinduka, na usifiche pombe wala dawa za maumivu unazotumia kila siku. Muulize kama utalazwa au utachomwa ganzi tu. Na ukikumbuka kitu baadaye, hata baada ya wiki mbili, rudi useme. Akikujibu "ulikuwa unaota" bila hata kufungua faili lako, omba kuonana na mwingine.