Kununua Kitabu si Kununua Haki ya Kuigiza

Kila mara kikundi chetu cha maigizo hapa Dodoma kinapokaribia kutangaza tamthilia za msimu ujao, hujitokeza mtu akauliza tunachelewa nini, ilhali vitabu vimejaa madukani na yeye mwenyewe yuko tayari kutuazima vyake vya sekondari. Safari hii aliyeuliza ni mjumbe wa kamati yetu wenyewe, tena wa fedha, na nimeona nijibu kwa maandishi ili nisirudie tena kwa mdomo.

Anayenunua kitabu cha tamthilia amenunua nakala ya kusoma. Haki ya kuigiza maneno yake mbele ya umma inabaki kwa mwandishi, kwa warithi wake, au kwa mchapishaji ikiwa mkataba ulisema hivyo. Ndiyo maana tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kutotoza kiingilio hakuondoi ulazima wa kuomba ruhusa. Kubadilisha jina la mchezo, jambo ambalo nimewahi kushauriwa kwa uzito wote, ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Hoja inayonichosha kuliko zote ni ile ya Shakespeare. Alifariki mwaka 1616, huniambia, kwa hiyo Mabepari wa Venisi ni mali ya kila mtu. Shakespeare, sawa. Lakini Kiswahili cha kitabu kile kilichotoka mwaka 1969 ni cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999, na tafsiri ni kazi yenye hakimiliki yake yenyewe, ambayo muda wake huhesabiwa kuanzia kifo cha mfasiri. Anayetaka Shakespeare wa bure achukue Kiingereza cha asili na kukifasiri upya, mstari kwa mstari, bila kuchungulia kazi ya Mwalimu. Ajaribu hotuba moja tu ya Shylock kabla ya kuja kubishana nami.

Ni vivyo hivyo kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 havina mwenyewe, na yeyote anaweza kuandika mchezo kuhusu maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Majibizano na mpangilio wa maonyesho katika tamthilia ile, hata hivyo, vina mwenyewe.

Mahali ambapo hata mimi huyumba ni kwenye ngano. Mchezo wetu wa kwanza unatokana na hadithi tuliyosimuliwa na bibi mmoja wa Kigogo upande wa Bahi, na sheria ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi. Lakini bibi yule alipomfikia fisi aliinamisha bega moja, akavuta maneno puani na kunyamaza kidogo kabla ya kila uongo, na kijana wetu ameiga yote hayo kama yalivyo. Hadithi ni ya jadi. Je, bega lile nalo ni la jadi, au ni lake? Tumeamua jina lake litangulie kwenye tangazo na alipwe kama mtunzi, ingawa nashuku kwamba mwanasheria angetucheka.

Msimu utafunguliwa Juni kwa ngano hiyo. Mvua za huku huwa zimekwisha, na chini ya paa la bati mvua ikishika hakuna mwigizaji anayesikika. Lakini hata Januari ingekuwa kavu, barua zetu za kuomba ruhusa zisingekuwa zimejibiwa. Kinjeketile tumeipangia Julai na Mabepari Agosti, zote mbili kwa kalamu ya risasi, na mazoezi yake hayataanza kabla ya majibu. Mjumbe wetu wa fedha ameombwa kutenga fungu la mirabaha kabla ya fungu la maleba. Ameuliza kama mirabaha hulipwa kwa awamu, na nimemjibu kwamba hilo ni la kupatana na mwenye haki.