Kocha wa chuo cha miaka miwili hajafeli

Wengi wanaamini mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, akistaafu akaenda kufundisha timu ya chuo cha miaka miwili huko Marekani basi kakwama kimaisha. Ila vyuo hivi ni njia kabisa, kijana ambaye maksi hazikutosha au vyuo vikuu havikumwona anapita hapo kwanza, anacheza huku anasoma, halafu anahamia chuo kikuu cha miaka minne, na kocha ndo anamfuatilia mpaka darasani, kazi nzito sana hiyo jamani! California vyuo vya umma vya aina hii havitoi hata skolashipu za michezo. Ukitaka kucheki mwenyewe, ingia tovuti za timu za vyuo vikuu vikubwa, soma profaili za wachezaji uone walisoma wapi kabla.