Ayubu hakukaa kimya

Mimi si muumini, na naulizwa sana kitabu cha Ayubu nakisomea nini. Watu hudhani asiyeamini hufungua maandiko kusaka makosa tu. Siyo. Nakisoma kama ninavyosoma utenzi: nani anasema, kwa sauti gani, na kwa nini pale.

Ukisoma hivyo, ule msemo wa "subira ya Ayubu" unaanza kuyumba. Mvumilivu yumo, ila zaidi katika sura mbili za mwanzo, zilizoandikwa kama hadithi. Sura ya 3 lugha inageuka shairi, na mtu yule aliyekaa jivuni akijikuna kwa kigae anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo analalamika, anawakejeli rafiki zake, anataka Mungu ajibu mashtaka. Rafiki ndio wenye mawaidha, yaleyale tunayoyasikia misibani. Halafu sura ya 42, ya mwisho, Mungu anawakasirikia wao. Ayubu, anasema, ndiye aliyenena sawa.

Na jibu la Mungu kwa Ayubu mwenyewe? Sehemu yake kubwa ni maswali. Mojawapo: unajua mbuzi wa majabalini huzaa lini?