Posta ya kijijini inakula hasara? Tuangalie kwanza hiyo hesabu inaandikwaje

Mzee mmoja aliniuliza swali kwenye kikao nikababaika kidogo. Alisema nyie watu wa posta mnatuambia ofisi yetu haina wateja, sasa hizo barua na vifurushi vinavyoshuka hapa kila wiki, sisi tunaovipokea ni akina nani? Swali zito aisee, na sisi wa hesabu huwa tunalikwepa, maana jibu lake linagusa namna tunavyoandika vitabu vyetu wenyewe.

Iko hivi. Posta hela inalipwa mwanzoni, anayetuma ndo ananunua stempu, kwa hiyo mapato kwa kawaida yanasomeka kwenye kaunta ya kule mzigo ulikotumwa kutoka. Kijana yuko Dar anamtumia mama yake miwani kijijini, hela yake inaingia kwenye vitabu vya Dar, halafu ile kaofisi ya kijijini ndo inapokea mfuko, inaufungua, inachambua, inampigia mama simu, inamtunzia mzigo wake mpaka siku ya mnada akipata lifti aje, inamsainisha kwenye daftari, na ripoti ya mwezi ikitoka kazi yote hiyo mapato yake ni sifuri. Ofisi inayopokea zaidi kuliko inavyotuma itaonekana ina hasara hata kama mlangoni kuna foleni.

Upande wa gharama nako kuna mtego. Ukifunga kaofisi unaokoa pango, umeme, intaneti na mshahara wa mtu mmoja, basi. Gari la posta linaloenda mji wa mbele bado litapita barabara ile ile, kituo cha kuchambua barua bado kipo, na zile gharama za makao makuu mlizokuwa mmeibandikia ile ofisi hazifi, zinahamishiwa kwa jirani yake, mwakani na yeye anaonekana mgonjwa. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi kwamba kufunga ofisi kumi kutaokoa milioni kadhaa muulize hizo milioni ngapi zinaondoka kweli na ngapi zinahama chumba tu.

Waliofanya hili jambo hadharani na namba zao tukaziona ni Waingereza. Mwaka 2006 walikuwa na ofisi kama 14,000, mtandao unapoteza karibu pauni milioni 4 kwa wiki, na zile ofisi 800 ndogo kabisa za vijijini zilikuwa zinahudumia watu kama 16 kwa wiki, kila mtu akiingia mlangoni ni hasara ya pauni 17. Sasa ukiziangalia namba hizo peke yake hata mimi ningesema funga. Na walifunga, kuanzia 2007 mpaka 2009 wakapitisha mpango wa kuondoa mpaka ofisi 2,500, ila wakajiwekea masharti kwamba nchi nzima asilimia 99 ya watu wasikae zaidi ya maili 3 kutoka ofisi iliyobaki, na wakaahidi vituo 500 vya namna nyingine, mfano gari lenye kaunta ndani linalopaki kijijini masaa mawili matatu kisha linasonga, au meza inayowekwa kwenye ukumbi wa kanisa siku maalum.

Lakini rudi nyuma kidogo uone kilichotangulia. Kuanzia 2003 serikali ile ile ilikuwa inawahamisha wastaafu wapokee pensheni benki badala ya kaunta ya posta, leseni za TV zikaondolewa posta 2006, ushuru wa magari ukaanza kulipwa mtandaoni. Yaani unamnyang'anya mtu jembe halafu jioni unakuja kupima amelima kiasi gani. Sisemi pensheni ibaki kulipwa kwenye kaunta milele, hapana, nasema idadi ya wateja ilikuwa ni matokeo ya maamuzi ya watu wakubwa, sio uvivu wa kijiji.

Na ofisi zenyewe kule nyingi sana sio majengo ya posta, ni duka la mtu. Unaingia kuna mkate, maziwa, magazeti, halafu mwisho wa duka kuna kioo na mzani, hapo ndo posta, mwenye duka analipwa kwa kazi anayoifanya. Bibi alikuwa anachukua pensheni yake kwenye kioo anageuka ananunua mkate. Ukiondoa kioo umeondoa na mkate, na hiyo hasara ya pili haimo kwenye vitabu vya posta kwa sababu sio ya posta.

Kilichokuja kuwasaidia ni kupata kazi mpya kaunta. Benki zilipoanza kukimbia vijijini, mwaka 2017 posta ikaingia mkataba wa pamoja na benki karibu zote kubwa, mteja wa benki yoyote kati ya hizo aweke na kutoa hela posta, na baadaye hela taslimu zinazopita pale zikavuka pauni bilioni 3 kwa mwezi. Ila msije mkadhani mfumo huu wa mawakala, yaani mwenye duka kuendesha posta, ni asali tupu, hao hao wenye maduka zaidi ya 900 walitiwa hatiani miaka ya nyuma kwa wizi na udanganyifu sababu ya mahesabu mabovu ya sistimu ya kompyuta iliyoitwa Horizon, mpaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Ukitaka wakala kijijini, mkataba umlinde na yeye.

Wahindi wana njia nyingine ambayo mi naipenda zaidi kwa mazingira yetu. Wana ofisi kama 165,000, karibu tisa kwenye kila kumi ziko vijijini, na nyingi zinaendeshwa na mtu wa hapo hapo anayefanya masaa manne au matano kwa siku, chumba anatafuta mwenyewe, muda uliobaki anaendelea na shughuli zake. Marekani nao 2011 walitaka kuangalia uwezekano wa kufunga ofisi kama 3,700, kelele zikawa kubwa, mwaka uliofuata wakaamua kupunguza masaa kwenye ofisi kama 13,000 za vijijini, na sheria yao inakataza kufunga ofisi ndogo kwa sababu tu ina hasara.

Huku kwetu kutuma hela kulishachukuliwa na simu tangu M-Pesa ianze Kenya 2007, hiyo hairudi tusidanganyane. Kazi zilizobaki ni za serikali na vifurushi, ndo maana Kenya waliweka Huduma Centre, kituo kimoja chenye huduma nyingi za serikali, ndani ya GPO (posta kuu) Nairobi 2013 na Tanzania nayo ikaanza vituo vya namna hiyo, Huduma Pamoja, kwenye ofisi za posta. Hii ni nzuri kwa sharti moja, wizara zinazotumia kaunta zilipe kwa kila mwananchi anayehudumiwa, na kule ambako hata hivyo haitoshi serikali ilipie pengo kwa mkataba unaosema masaa mangapi na huduma zipi, sio ruzuku ya jumla inayopotelea makao makuu.

Tangazo la kufunga likibandikwa kwenu, kabla hamjalia na jengo ulizeni habari ya masanduku. S.L.P. moja ya shule au ya parokia inaweza kuwa imebeba kijiji kizima, wengi wetu barua zetu tulisomewa majina mstarini asubuhi, na hizo namba ziko kwenye vyeti, hati za viwanja na mafaili ya mirathi ya watu. Ulizeni zinahamia ofisi gani, nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi, na barua itakayokuja kwa anuani ya zamani mwakani nani ataipokea.