Ziara ya Darasa Mjini: Mahali Pachache, Macho Wazi

Mwalimu anayepanga kuwatembeza wanafunzi katika mji wao wenyewe hushawishika kumaliza kila kitu kwa siku moja: kilima chenye mandhari, makumbusho, mnara wa kumbukumbu, jengo kongwe, na daraja la zamani wakati wa kurudi. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa historia na jiografia kuandaa ziara za masomo, na ushauri wangu wa kwanza kwao ni kufuta nusu ya orodha hiyo, kisha kuisoma upya na kufuta pengine pawili tena.

Uchovu wa miguu ni sehemu ndogo tu ya sababu. Mwaka 1978 mtafiti wa elimu John Falk na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba mtoto aliyefikishwa mahali asipopazoea hutumia sehemu kubwa ya umakini wake kupazoea mahali penyewe, na kazi aliyopewa hupata masalio. Nir Orion, mtafiti wa Israeli wa ufundishaji wa jiolojia, aliugawa ugeni huo katika mafungu matatu. La kwanza ni ugeni wa mada, pale mwanafunzi anapokuwa hana maarifa ya awali wala stadi atakazozihitaji huko. La pili ni ugeni wa eneo, yaani hajui yuko wapi wala njia inaelekea wapi. Na la tatu ni ugeni wa nafsi, ambao humfanya awaze atakula saa ngapi, choo kiko wapi na kama mvua itamkuta njiani. Yote matatu hupunguzwa darasani kabla ya safari, na la tatu ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa linataka tu ratiba iliyoandikwa ubaoni na ramani ya njia. Mwalimu anayeificha ratiba ili kuwashtukiza wanafunzi wake anajinyima saa nzima ya mafunzo. Sasa zidisha ugeni huo kwa vituo vitano, na utaona kwa nini siku ya vituo vitano huisha kwa picha nyingi na maelezo machache.

Mji wa nyumbani una tatizo lake jingine, kwamba mtoto aliyelipita jengo fulani tangu utotoni huamini ameshaliona. Ndiyo maana napenda ziara ianzie juu, kwenye kilima au ghorofa ya juu ya jengo linaloruhusu wageni, mahali ambapo mji unaonekana kwa sura asiyoizoea. Mskoti Patrick Geddes, mwanabiolojia na mpangaji wa miji, alilitumia wazo hili Edinburgh kuanzia mwaka 1892 katika jengo lililoitwa Outlook Tower. Mgeni alipandishwa kwanza hadi kileleni, akautazama mji wenyewe, kisha akashuka ghorofa kwa ghorofa kupitia maonyesho ya mji, ya Uskoti na ya nchi za mbali zaidi, hadi ya dunia nzima chini kabisa. Kwetu sisi hapahitajiki jengo la namna hiyo. Swali moja linatosha: kwa nini mji huu ulikaa hapa na si kule? Wanafunzi wachore kwa penseli wanachokiona, yaani mkondo wa maji, mteremko, barabara zinakokutana na mahali nyumba zinapokoma. Simu zibaki mifukoni wakati huo, kwa sababu anayepiga picha huahirisha kutazama, ilhali anayechora hulazimika kuamua kipi kiko mbele ya kipi.

Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa Uswisi, alikwenda mbali zaidi ya penseli. Katika shule yake ya Yverdon, nchini humo, mwanzoni mwa karne ya 19, wanafunzi walipelekwa kwenye bonde la mto ulio karibu, wakalitazama kwanza lote kwa jumla na kisha sehemu kwa sehemu, wakachimba udongo wa mfinyanzi wa palepale na kuubeba hadi shuleni, ambako kila mmoja alifinyanga upya kipande cha bonde alichokichunguza. Sijaona zoezi la jiografia lililoupita ubora huo.

Baada ya mandhari, jengo moja la kale linatosha. Kwanza wanafunzi wasisome kibao cha maelezo, maana fomu ya maswali inayojibiwa kwa kunakili kibao hufundisha kunakili tu. Wapewe ukuta. Wakitazama kwa karibu wataona dirisha lililozibwa, ambalo mawe yake hayafuatani na yale ya pembeni na chokaa yake ina rangi tofauti. Hapo waulizwe kipi kilijengwa kwanza, na walijuaje. Ngazi iliyolika katikati kuliko kando itawaambia watu walipita wapi. Mnara upimwe kwa kivuli: fimbo ya mita 1 ikitoa kivuli cha sentimita 60, na kivuli cha mnara wakati huohuo kikiwa mita 15, basi mnara una mita 25, mradi uwanja ni tambarare na kivuli kimepimwa kuanzia chini ya ncha, si kuanzia ukutani. Kibao kisomwe mwisho, ili kikaguliwe kama ushahidi mwingine wowote.

Idhini za wazazi, kuhesabu wanafunzi kila kituo, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza ni mambo ya lazima, lakini shule nyingi tayari zina utaratibu wake, kwa hiyo sitayarefusha.

Kinachosahaulika zaidi ni siku inayofuata. Hapo mimi hupendekeza kila mwanafunzi apewe karatasi tupu achore ramani ya njia waliyopita, bila kutazama daftari, kisha ramani hizo zibandikwe ukutani bega kwa bega. Zitapingana, na mabishano juu ya daraja lilikuwa upande gani wa mnara humfunulia mwalimu mengi ambayo mtihani wa maswali kumi hauwezi kuyafikia. Pale ambapo ramani nyingi zimeacha weupe, ama basi lilipita kasi mno ama wanafunzi walikuwa wakisikiliza maelezo marefu, na kipande hicho cha mji ndicho ninachoshauri kitembelewe kwa miguu muhula unaofuata.