Magma ya Bushveld haikutoka kwenye bahari ya mwamba ulioyeyuka

Wengi huamini kwamba chini ya ganda la Dunia imetanda bahari ya mwamba ulioyeyuka, na kwamba magma hupanda kutoka humo ikiwa tayari. Dhana hiyo si sahihi. Koti la Dunia, yaani tabaka nene lililo kati ya ganda na kiini, ni mwamba mgumu: hupitisha mawimbi ya pili ya tetemeko, ambayo hayapenyi kimiminika. Mwamba huo wenye joto kali unapopanda taratibu, kanieneo hupungua na sehemu yake ndogo tu huyeyuka. Na kwa kuwa kinachoyeyuka huwa na silika (kiwanja cha silikoni na oksijeni) nyingi kuliko kinachobaki, magma hutofautiana kikemia na mwamba wake wa asili tangu mwanzo.

Njiani hubadilika tena. Huko Bushveld, Afrika Kusini, ambako magma iliganda chini ya ardhi yapata miaka bilioni 2.06 iliyopita, uwiano wa stronti-87 kwa stronti-86, aina mbili za atomi za elementi ya stronti, katika baadhi ya matabaka unazidi 0.708, kiwango kikubwa mno kwa magma ya kawaida ya koti. Wanajiolojia wengi hukubali kwamba magma hiyo ilikuwa imemeza mwamba wa kale wa ganda, ambao huwa na uwiano mkubwa zaidi, jambo ambalo kwangu ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Aidha, uwiano huo hubadilika ghafla kati ya matabaka, ishara kwamba magma iliingia kwa awamu. Karibu na mto Dwars, hukohuko Bushveld, mistari myeusi ya kromiti, madini mazito yenye kromu, imelala ndani ya mwamba mweupe wa madini ya plagioklesi, na kuzama kwa fuwele nzito ndani ya magma pekee hakutoshi kuieleza.