Makaratasi si Kinga: Dhana Potofu Kuhusu Ubaguzi wa Walatino Marekani

Mswahili aliyewahi kubeba boksi Marekani hakosi kuwa amefanya kazi bega kwa bega na Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na kwingineko Amerika ya Kilatini: ghalani, kwenye kiwanda cha nyama, jikoni hotelini, kwenye nyumba za kulelea wazee. Tunaonjeshana vyakula, tunafundishana matusi. Lakini zikija habari za kamatakamata ya wahamiaji, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hakosekani wa kusema: "Waingie kwa makaratasi kama sisi, nani atawagusa?" Kauli hiyo ndiyo mama wa dhana zote zinazofuata hapa. Inachukulia kwamba kinachozitesa familia hizi ni kukosa makaratasi, yaani hati halali za kuishi nchini.

"Walatino ni wageni waliovuka mpaka juzi"

Wamarekani wenye asili ya Meksiko wana msemo wao: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Si majigambo. Februari 1848, baada ya kushindwa vita, Meksiko ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kupoteza karibu nusu ya nchi. California, Nevada, Utah na sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico zikawa mali ya Marekani, pamoja na watu wapatao 80,000 hadi 100,000 waliokuwa wakiishi humo. Waliahidiwa uraia na ulinzi wa mali zao. Kisha wengi walipelekwa mbio mahakamani kuthibitisha hati za mashamba zilizoandikwa enzi za Hispania, na mashamba yakaenda.

Puerto Rico nayo iko chini ya Marekani tangu 1898, na wenyeji wake ni raia tangu 1917. Mtu wa Puerto Rico akihamia New York ni sawa na mtu wa Mombasa kuhamia Nairobi, haombi viza kwa yeyote. Kwa jumla Walatino wa Marekani wamepita milioni 60, na karibu theluthi mbili yao wamezaliwa humo humo. Hiyo juzi inayosemwa ni ya miaka mingapi?

"Kutenganishwa shuleni lilikuwa suala la Weusi na Wazungu"

Hapa ndipo hata wasomi hujikwaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Wakati wa vita kuu ya pili, Gonzalo Mendez, mzaliwa wa Meksiko, na mkewe Felicitas, mzaliwa wa Puerto Rico, walikodi shamba huko Westminster, kusini mwa California. Wenye shamba, familia ya Munemitsu, walikuwa na asili ya Japani, na serikali ilikuwa imewafungia kambini kwa sababu hiyo tu. Familia moja iliyobaguliwa ikawa inalima shamba la nyingine iliyobaguliwa.

Shangazi akawapeleka watoto wa Mendez, pamoja na wanawe mwenyewe, kuandikishwa katika shule ya jirani. Watoto wa shangazi walikuwa weupe zaidi, na jina lao, Vidaurri, lilisikika kama la Kifaransa. Hao wakapokelewa. Sylvia Mendez na ndugu zake, wenye ngozi ya maji ya kunde na jina la Kimeksiko, wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Ni watoto wa ukoo mmoja, waliofika mlangoni siku moja. Sylvia alikuwa amezaliwa California. Makaratasi yake hayakuwa na dosari hata moja.

Baba yake na wazazi wengine wanne walizishtaki wilaya nne za elimu mwaka 1945. Utetezi wa wilaya ulikuwa kwamba watoto hao hawajui Kiingereza, na mkuu mmoja wa elimu alifika mbali zaidi: alitamka mahakamani kwamba watoto wa Kimeksiko ni duni kwa usafi. Msichana mmoja akapanda kizimbani, akajibu maswali kwa Kiingereza. Februari 1946 jaji aliamua kwamba utenganishaji huo ni kinyume cha katiba, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Thurgood Marshall, wakili wa chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP, alishiriki kuandika hoja za kuwaunga mkono. Gavana Earl Warren akatia saini sheria ya kuondoa utenganishaji shuleni California. Ni Warren huyo huyo ambaye mwaka 1954, akiwa Jaji Mkuu wa Marekani, aliandika hukumu maarufu ya Brown iliyopiga marufuku utenganishaji katika shule za umma nchi nzima. Hukumu ya Brown inafundishwa kila mahali. Ya Mendez, miaka minane kabla yake, wengi hawajaisikia.

"Wakijifunza Kiingereza, ubaguzi utaisha"

Mkenya aliyevalishwa "disk" shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama ataielewa hadithi ya Marfa, mji mdogo wa Texas. Shule ya Blackwell ilikuwa ya watoto wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1954 waliamriwa kuandika vikaratasi vya kuapa kwamba hawataongea Kihispania tena. Vikakusanywa kisandukuni, vikazikwa karibu na mlingoti wa bendera. Waliokuwa wakizika waliambiwa wanamzika "Bwana Kihispania", na aliyesikika akimfufua alichapwa. Watoto hao walijifunza Kiingereza. Shule iliendelea kuwa ya kwao peke yao hadi 1965.

Leo wajukuu wengi hawajui Kihispania kabisa. Binamu zao huwatania kwa jina la "no sabo", yaani Kihispania kilichovunjika cha kusema "sijui", huku majirani Wazungu wakiendelea kuwauliza: wewe hasa unatoka wapi?

"Ubaguzi ni matusi ya watu wachache wasio na adabu"

Ingekuwa hivyo, ungekoma kwa kuombana radhi. Lakini sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliwaruka vibarua wa mashambani, na ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 ikawaruka pia, hadi 1966. Wakati huo mashambani California, walikofanya kazi Walatino wengi, kulikuwa na jembe lililoitwa el cortito, yaani kafupi: mpini wake ulikuwa mfupi kiasi cha kumlazimisha mtu kuinama siku nzima. Kwa nini fupi hivyo? Msimamizi akitupa jicho shambani, anayenyooka mgongo anaonekana papo hapo kwamba anapumzika. Sisi tunaolima kwa mpini mrefu na bado tunalalamika kiuno tunaweza kukadiria. Lilipigwa marufuku California mwaka 1975, baada ya migongo ya maelfu ya watu kuharibika.

"Wangepanga foleni kama wengine"

Foleni ipi? Mmeksiko akiombewa grini kadi na ndugu yake aliye raia, husubiri zaidi ya miaka 20. Na ile bahati nasibu ya viza, ambayo Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wameipitia, tangu ianze katikati ya miaka ya 1990 Mmeksiko hakuwahi kuruhusiwa kuicheza, kwa sababu nchi yake inahesabiwa kuwa imekwisha kutoa watu wengi. Kabla ya 1968 hapakuwa na kikomo cha idadi kwa wahamiaji wa nchi za Amerika. Vibarua walikwenda na kurudi kwa misimu. Kisha mlango ukabanwa, kazi zikabaki palepale, na safari ileile ya babu ikawa kosa kwa mjukuu.

"Hawalipi kodi"

Wanalipa. Taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP ilikadiria kwamba mwaka 2022 wahamiaji wasio na makaratasi, wa mataifa yote, walilipa karibu dola bilioni 97. Sehemu yake ni michango ya pensheni ambayo wengi wao hawataruhusiwa kuichukua.

"Mlatino ana rangi yake"

Waafrika waliofikishwa utumwani katika ardhi ya Marekani walikuwa takriban 400,000 kati ya zaidi ya milioni 10 waliofika mabara ya Amerika wakiwa hai. Wengi wa waliosalia walipelekwa Brazili, visiwa vya Karibi na makoloni ya Hispania. Kwa hiyo kuna Walatino weusi kama sisi, na wanabaguliwa mara mbili: na polisi barabarani, na shangazi nyumbani. Usemi "mejorar la raza", kuboresha mbegu, hutumika kumhimiza binti aolewe na mtu mweupe zaidi. Wanaouza mkorogo kwetu wangelielewa soko hilo bila mkalimani.

"Mwenye makaratasi hana cha kuogopa"

Februari 1931, katika uwanja wa La Placita mjini Los Angeles, maofisa walizingira watu wapatao 400 mchana kweupe wakidai vitambulisho. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa kampeni ya miaka ya 1930 iliyowasukuma mamia ya maelfu ya watu kwenda Meksiko, wengi wao wakiwa raia wa Marekani, watoto waliopandishwa treni kwenda nchi wasiyoijua. Jimbo la California liliomba radhi mwaka 2005.

Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilisema sura ya Kimeksiko peke yake haitoshi kumsimamisha mtu garini, lakini inaweza kuwa mojawapo ya sababu. Mlango huo mdogo haukufungwa. Julai 2025 jaji wa Los Angeles aliwazuia maofisa wa uhamiaji kuwasimamisha watu kwa kutegemea tu asili wanayoonekana kuwa nayo, Kihispania au lafudhi, mahali waliposimama au aina ya kazi. Septemba Mahakama ya Juu ikasimamisha zuio hilo. Sasa wapo raia, waliozaliwa California na wazazi waliozaliwa California, wanaotia pasipoti mfukoni wanapokwenda kuosha gari.